Kiroba cha Mguu

Mke wangu aliniambia nibebe mabuti. Nikamjibu kwamba naenda Kitulo kutazama maua, siendi Mbarali kupanda mpunga. Nikavaa raba nyeupe, mpya, za kupigia picha.

Ilikuwa Februari, maua yamepamba moto. Tulipanda kutoka Chimala kwa njia ya Hamsini na Saba, na jina hilo si la mapambo: ndiyo idadi ya kona zake. Shemeji yangu alizihesabu kwa sauti. Mimi nilipofika ya ishirini na mbili nikaacha kuhesabu, nikaanza kusali.

Juu kule, zaidi ya mita 2,600, baridi ilinidaka kama mtu anayenidai. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na hawajatia chumvi. Uwanda mzima ni njano, zambarau, nyeupe, na mengine marefu mekundu yamesimama kama mienge. Kijana aliyetuongoza alisema okidi peke yake zinafika aina 45. Mizizi yake huvimba kama viazi vidogo, na watu walikuwa wakiichimba kwa magunia na kuivusha hadi Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, maua yenyewe yakiwa ndiyo sababu kubwa.

Maelezo mazuri, lakini mimi nilikuwa na swali langu.

"Simba wapo?"

"Hapa simba hakuna, kaka."

"Una hakika?"

"Kaka, tazama maua."

Nikachuchumaa kando ya okidi moja ya waridi, ndogo kama pete ya sikio, ina umande kwenye mdomo. Ukungu umetanda. Shemeji ameshika simu, ananiambia nicheke kidogo. Nyuma yangu majani yakapasuka. Kitu kikubwa kama mbuzi kikanyanyuka, upepo ukanipiga sikioni: vuu! vuu! Sikumbuki kuamua kukimbia. Nilisikia tu mtu anapiga yowe "Simbaaa!", nikaitambua sauti kuwa ni yangu.

Hatua tatu zilikwenda vizuri. Ya nne ikazama hadi gotini. Nyasi zile ukizitazama ni zulia. Chini yake ni sponji lililonywa mvua tangu Novemba. Nikavuta mguu. Mguu ukaja, raba ikabaki. Tukachokonoa kwa fimbo, tope likajibu "fyuup" na kufunga mdomo.

Shemeji alikuwa amelala chini kwa kicheko, simu bado inarekodi. "Shem! Ni tandawala! Ndege, shem! Anakula panzi!"

Nilirudi kwenye gari nikiruka kwa mguu mmoja, nikikwepa kukanyaga maua, maana huko nako kuna faini yake. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Dereva, Mungu ambariki, akatoa kiroba kitupu cha viazi, bado kina udongo ndani. Tukakifunga mguuni kwa kamba ya katani, mafundo mawili. (Mfuko wa plastiki ungefaa zaidi, ila ilipigwa marufuku mwaka 2019, na mimi ndiye niliyekuwa nikishangilia.)

Langoni nikashuka kusaini kitabu cha kutoka. Askari akanitazama usoni, akashusha macho polepole hadi kwenye kiroba, akaona udongo. Uso ukabadilika.

"Humo una nini?"

"Mguu, afande."

"Wote husema hivyo?" akamuuliza yule kijana wetu, ambaye alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika. Askari akainama, akakibinya kiroba. Akahisi vitu vidogo vya duara, vitano, vimepangana.

"Fungua."

Nikafungua mafundo yote mawili. Vidole vyangu vikatokeza, vyeusi kwa tope, vimevimba kwa baridi. Akavikagua kimoja kimoja kwa tochi, bila haraka, kisha akanirudishia kalamu.

"Hivi havina soko Zambia. Pita."