Daraja Limewachoka, Wapendwa Wachumba

Msimu wa michango ya harusi umewadia na WhatsApp imejaa kadi. Kutoa tutatoa, hilo halina ubishi. Anayekwepa mchango wa mwenzake ajue na siku yake inakuja. Ila hebu fungua kadi tano ulizopokea mwezi huu, moja baada ya nyingine. Fulana nyeupe, jinzi, raba nyeupe. Paji la uso kwa paji la uso, macho yamefumbwa. Nyuma yao, Daraja la Tanzanite. Ukifuta majina na kubadilishana vichwa, atakayegundua ni mama mzazi tu, tena akiwa amevaa miwani.

Daraja ni zuri, nakubali. Tangu lifunguliwe 2022 limeipa Dar sura mpya, na zile nyaya zikipigwa na jua la jioni zinapendeza. Lakini ninyi mmefuata nini pale? Mmekutana Mbagala, mmejuana kwenye foleni ya mwendokasi, posa imepelekwa Songea, halafu picha ya kuwatambulisha kwa ukoo mzima inapigwa mahali ambapo hamna kumbukumbu napo hata moja.

Na lawama si ya wachumba peke yao. Wapiga picha wetu wamezoea kuuza pakeji: lokesheni mbili, nguo tatu, picha 30 zilizoeditiwa, tukutane saa 8 mchana. Swali la kwanza ni bajeti, la pili ni rangi za harusi. Hakuna anayeuliza hawa watu wakiwa na Jumamosi isiyo na shughuli ya mtu huwa wako wapi. Hakuna anayeuliza wanataniana kuhusu nini, au ni tabia gani ya mmoja ambayo mwenzake akiiiga wanacheka wote. Dakika 15 za maswali hayo kwenye simu zingewapa lokesheni, nguo na mapozi kwa mpigo, bila kufungua ukurasa wa mtu yeyote Instagram.

Chukua wawili ambao kila Ijumaa wanakula chipsi mayai kwenye kibanda kilekile. Hapo kibandani panatosha kabisa. Siku mbili kabla, nendeni mkaongee na mwenye kibanda, mumweleze mtakachofanya na mumlipe saa yake moja. Akishtukizwa na kamera atawafukuza, na haki anayo. Mfike saa 10 na nusu jioni, kabla wateja hawajajaa. La kwanza, taa za kibandani zizimwe. Mwanga wake ukichanganyika na wa jua, shavu moja linakuwa kijani na lingine njano, na mhariri atahangaika usiku kucha bila kulipata tena. Wawili wasimame kwenye ukingo wa kivuli cha bati, hatua moja ndani, nyuso zikielekea barabarani kwenye uwazi. Mwanga unaoingia pale ni laini, unajaza macho, na flashi haitahitajika. Mpiga picha akae upande wa barabarani, pembeni mwa kaunta, na lenzi pana ya milimita 35 itawachukua wao, kikaango kinachotoa moshi nyuma yao, na trei la mayai lililobaki nusu.

Kisha waagize. Waagize kweli, walipe, wale. Mtu asiyezoea kamera huumbuliwa na mikono yake: haijui iende wapi, mwisho inaishia mfukoni au inaning'inia. Mpe kijiti cha chipsi na chupa ya pilipili uone kama atakumbuka kuwa anapigwa picha. Dakika 10 za mwanzo watakuwa wamekakamaa hata hivyo, na hizo picha nyingi zitatupwa. Mpiga picha aendelee kubonyeza tu, wazoee mlio. Spidi ya kamera isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, kwa sababu kicheko kikipigwa kwa 1/60 kinakuwa ukungu. Na tafadhali, hiyo f/1.8, yaani lenzi iliyofunguliwa sana, mnayoipenda kwa sababu inafuta mandhari ya nyuma, iacheni kwa picha ya mtu mmoja. Wawili wakipishana nusu hatua, mmoja atakuwa na kope za kuhesabika na mwingine sura ya mtu aliyeonwa kupitia kioo cha bafuni. Wekeni f/4. Baadaye mpiga picha avuke barabara na lenzi ya milimita 85, awapige kwa mbali, bodaboda zikikatiza mbele. Hapo ndipo mmoja atamfuta mwenzake tomato mdomoni bila kuambiwa na mtu.

"Watu watasemaje, kadi ya harusi na chipsi?" Watasema. Wakishasema, watachanga. Lakini ukweli ni kwamba mama mkwe anataka picha ya heshima ya kuweka sebuleni, na hamtamshinda. Basi pigeni hiyo kwanza, nyumbani kwake, chini ya mwembe wake au barazani, shati likiwa bado safi. Kama kuna bibi ambaye miguu haimruhusu kusafiri mpaka ukumbini, huo ndio wakati wa kukaa naye mkekani mpigwe watatu. Na mshenga je? Mtu kabeba barua yenu, kasimamishwa mlangoni, kapigwa faini za kila aina kwa niaba yenu, halafu kwenye picha za uchumba hayumo hata kwa kisigino. Mwiteni. Na ile barua ya posa ipigeni ingali na mikunjo yake, kabla haijapotelea kwenye droo la mtu.

Wanaong'ang'ania bahari nao nawapa chao. Mpango maarufu ni "jua lizame baharini, sisi tumekumbatiana Coco Beach". Jamani, Coco Beach inatazama mashariki. Kigamboni, Kunduchi na Bahari Beach vilevile. Jua la jioni linazama nyuma ya nyumba za watu, mgongoni kwenu, na ufukwe unaingia kivulini mapema. Mkitaka jua na maji katika picha moja kwenye fukwe hizo, ni alfajiri: kwa Dar jua huchomoza kati ya saa 12 kasoro dakika 5 na saa 12 na dakika 35 hivi kutegemea mwezi, kwa hiyo mtu wa mekapu aanze saa 9 usiku. Nani kati yenu yuko tayari? Kama hamko tayari, nendeni upande wa ghuba, pale Msasani panapotazama magharibi, au vukeni Zanzibar, ambako Forodhani jua linazama mbele yenu. Na msicheze na saa. Huku kwetu jua likishazama, dakika 20 tu giza limeingia. Jua la Dar linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo hivi, kwa hiyo mwanga mzuri unaanza kama saa 11, na anayefika saa 12 "kwa sababu ya foleni" amekuja kupiga picha za kivuli.

Maji nayo yana ratiba, na sijui kwa nini wapiga picha wa mjini hawamuulizi mvuvi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa alasiri kuelekea jioni na kula mchanga wote. Tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Ukitaka mchanga mpana wakati wa jioni, tafuta siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ingawa hapo utapata na miamba na mwani, kwa hiyo gauni refu jeupe lisahau. Kuanzia Juni mpaka Agosti hali ya hewa ni nzuri, baridi kidogo, mvua ni chache, lakini upepo wa kusi unavuma. Wigi libanwe kwa pini za kutosha au msuke kabisa.

Halafu kuna hili la Kaole, kule Bagamoyo. Magofu yapo, msikiti wake mkongwe unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, kuta za matumbawe zinapokea mwanga wa jioni vizuri kuliko ukuta wowote wa hoteli. Lipeni kiingilio, ulizeni ada ya kupiga picha za shughuli, mtapata picha za maana, hasa kama mmoja wenu ana asili ya Bagamoyo. Ila mle kuna makaburi! Kaburi la Sharifa watu wanakwenda kuomba dua mpaka leo, nyie mnaliegemea na miwani ya jua mkipiga pozi la kuonyesha pete. Mpiga picha anayewaelekeza mpande juu ya kaburi mrudisheni mjini na nauli yake.

Nguo. Msivae sare, vaeni rangi zinazosikilizana. Kitenge chenye maua makubwa kinatoka vizuri, lakini shati la vimistari vidogo linafanya mawimbi ya ajabu kwenye kioo cha simu. Nguo nyekundu huakisi wekundu kidevuni, na majani mabichi jua likiwa kali hutupa ukijani usoni, kwa hiyo msikae nyasini saa 9 mchana. Kanga ikitumika, someni jina lake kwanza. Wapo wachumba wamejifunika kanga ya mafumbo kwa mke mwenza, na kadi ikasambazwa hivyohivyo.

Sasa hili la ngozi. Nani aliwaambia wahariri wa picha kwamba uchumba unamgeuza mtu rangi? Binti ana weusi wake wa kung'aa, kijana ana wake, wanatoka kwenye picha wamefanana na unga wa sembe, mikono rangi moja na uso rangi nyingine. Sehemu ya tatizo inaanzia kwenye kamera. Ikiona kanzu nyeupe au mchanga mweupe inadhani mwanga ni mwingi, inaufunga, nyuso zinakuwa giza. Kisha mhariri anakuja kuvuta mwanga wa uso kwa nguvu mpaka rangi inakufa. Dawa ni kupima mwanga usoni, si kwenye kanzu, na kuwaweka wenye nguo nyeupe kivulini ambako tofauti ni ndogo. Sehemu nyingine ni poda: zile zenye kinga ya jua mara nyingi zina madini yanayorudisha flashi, uso unatoka mweupe kama umepakwa chaki. Pigeni picha moja ya majaribio kwa flashi kabla mtu wa mekapu hajafunga mkoba wake. Na kilichobaki ni tabia tu ya mhariri, ambayo inatibiwa kwa sentensi moja kwenye makubaliano: ngozi isibadilishwe rangi, chunusi ziondolewe, kovu na doa la kuzaliwa viachwe. Ombeni picha mbili za mfano zilizokwisha kuhaririwa kabla hajamaliza zote, mzitazame kwenye simu mbili tofauti, juani na ndani.

Kwa Waislamu ambao nikaha bado haijafungwa, msilazimishwe kukumbatiana ndipo picha ionekane ya mapenzi, halafu Ijumaa muonyeshwe kidole. Kaeni pande mbili za sinia la tende, au mmoja mlangoni na mwingine barazani, shangazi akiwepo. Picha yenye nafasi katikati ikipangwa vizuri ina mvuto wake, na wazee wataisambaza wenyewe.

Kumbukeni pia picha hizi zina kazi ya kufanya. Mwambieni mpiga picha mapema kwamba mnahitaji angalau mbili za wima zenye nafasi tupu juu, ya kuandika majina, tarehe na namba za kutuma mchango, na mbili za kulala kwa ajili ya skrini ya ukumbini. Vinginevyo mtengeneza kadi ataandika namba ya simu ya mweka hazina kwenye kifua cha bwana harusi. Ya kuchapisha ukubwa wa A3 inataka kama pikseli 3500 kwa 5000, kwa hiyo ile iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida haifai. Itumwe kama dokumenti au iwekwe kwenye flashi diski. Droni? Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwanza, na hata hivyo kutoka mita 50 juu sisi wengine hatutajua kama ni ninyi au ni mbuzi wawili.

Fedha: nusu mkononi, nusu picha zikifika. Karatasi iseme idadi ya picha zilizohaririwa, siku ya kukabidhi, na kama anaruhusiwa kuwaweka kwenye ukurasa wake kabla ninyi hamjatangaza, kwa sababu wapo waliojua mtoto wao amechumbiwa kupitia tangazo la mpiga picha. Kama mnapiga kati ya Machi na Mei, tarehe ya akiba iandikwe hapohapo na ieleweke haina malipo mapya. Na anayesema "mvua tutaikabili" mwulizeni kamera yake ina mfuniko gani.