Kiti cha Kati

Hivi mimi usoni nimeandikwa nini? Nikifika Uyole, Mbeya, kupanda Coaster ya Kyela, hata niwahi vipi, konda atanipima juu mpaka chini, halafu aseme, "Kaka mwembamba, wewe kaa kati hapo." Wembamba umeniponza. Wanene wote wa mkoa wamegawiwa pembeni, mimi ndiyo nimebaki kuziba mwanya.

Leo dirishani kuna mzee wa Kyela, huku kuna mama wa Uporoto. Kiroba chake cha viazi kimekosa nafasi kwenye buti, kwa hiyo kimepewa miguu yangu. Gari likianza kupanda kuelekea Isyonje, ukungu ukaingia, na vita vya dirisha vikaanza. Mzee kazoea joto la Ziwa Nyasa, mita 500 hivi tu kutoka usawa wa bahari; hapa kavaa makoti mawili na bado meno yanagongana. Anataka dirisha lifungwe. Mama kapata kichefuchefu cha harufu ya dagaa wa mtu nyuma, anataka liachwe wazi. Na hawasemeshani! Wanapitia kwangu.

"Kijana, mwambie huyo mama nina kifua."

"Mwanangu, mwambie huyo baba nitamtapikia."

Mimi na kiroba changu tunageuza shingo huku na huku. Wanasikiana vizuri kabisa, lakini kila mmoja anasubiri nirudie.

Hapo hapo nauli za nyuma zinapita mkononi kwangu kwenda mbele, chenji inapita mkononi kwangu kurudi nyuma. Ikipungua mia mbili, gari zima linanitazama mimi, siyo konda.

Nyumbani ndiyo usiseme. Ni wa kati kuzaliwa: kaka alipewa shamba, mdogo wetu akapewa ada, mimi nikapewa kazi ya kuwapatanisha. Wakigombana, "ongea na kaka yako." Wakipatana, ananiita nani?

Labda ni ardhi yenyewe. Reli ya TAZARA ina kilomita 1,860, Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, na upande wetu ni 975. Piga hesabu: nusu ya njia nzima inaangukia huku huku, ukishapita Mbeya, kabla hujafika Tunduma. Reli yote hiyo, ikaona katikati yake ije ikae na sisi.

Tulipofika Kiwira mzee akasema anashuka kusalimia ndugu. Nikamwambia "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa, kwa moyo wote, nikateleza dirishani, nikanyoosha mguu mmoja. Mmoja tu, lakini ulinyooka! Sijamaliza hata kuvuta pumzi, konda huyo mlangoni na bibi mmoja aliyekumbatia jogoo.

"Kaka mwembamba, rudi kati. Huyu jogoo anataka hewa."