Uvivu wa Akira Toriyama

Akira Toriyama, mchoraji wa manga (hadithi za katuni za Kijapani), alipofariki dunia tarehe 1 Machi 2024, akiwa na umri wa miaka 68, sifa zilimiminika, na kama ilivyo kawaida ya misiba, marehemu akageuka malaika mchapakazi. Nadhani mwenyewe angecheka. Miaka yote alikuwa akisema wazi kwamba yeye ni mvivu. Mimi namwamini, tena naona uvivu huo ndio uliompa ufundi ambao wengi waliojituma kumzidi hawakuupata.

Kijana huyu wa mkoa wa Aichi alianzia kwenye kampuni ya matangazo huko Nagoya. Kuamka mapema kulimshinda, na mavazi ya ofisini nayo yakamchosha. Akaacha kazi. Mfukoni pakiwa pakavu, akaanza kupeleka michoro kwenye mashindano ya wachoraji wapya kwa kufuata zawadi ya pesa. Zawadi hakuipata, ila alimpata Kazuhiko Torishima, mhariri wa jarida la manga la Shonen Jump. Kazi yake ya kwanza ikachapishwa mwaka 1978, na baada ya hapo inasemekana Torishima alimkatalia kama kurasa 500 ndani ya mwaka mmoja. Toriyama alilipiza kisasi kwa namna yake: katika manga yake Dr. Slump, iliyoanza mwaka 1980, yule mwanasayansi mwovu Mashirito ana sura ya mhariri huyo.

Dr. Slump ilipendwa mno, na yeye akaichoka. Alipoomba kuisimamisha, alikubaliwa kwa sharti kwamba baada ya miezi mitatu awe na hadithi mpya. Ndivyo Dragon Ball ilivyozaliwa mwaka 1984, ikaendelea kila wiki hadi 1995: sura 519, juzuu 42.

Sasa tazama nywele za Goku, shujaa wa Dragon Ball. Ni nyeusi, na kila wiki msaidizi alitumia muda mwingi kuzijaza wino. Toriyama alipombadilisha Goku kuwa Super Saiyan, umbo lenye nguvu kupita kawaida, nywele zikawa za dhahabu, yaani kwenye kurasa zisizo na rangi ziliachwa nyeupe tu. Kazi ikapungua! Hapo ndipo ilipotoka sura inayotambulika karibu kila mahali duniani. Majengo ya mjini nayo yanachosha kuyachora, kwa hiyo wapiganaji walihamia nyikani, au mji ulilipuliwa kwanza ndipo pambano likaendelea.

Matokeo yake ni kurasa safi ajabu. Mstari mmoja wa upeo wa macho, mawe mawili matatu, na miili miwili hewani. Ngumi ikirushwa unajua imetoka wapi, na aliyepigwa ataangukia upande gani. Siku hizi kuna manga ambazo kila pambano ni msitu wa mistari na vumbi. Unamaliza ukurasa hujui nani kampiga nani.

Kipaji hicho cha kupunguza kinaonekana hata kwenye mchezo wa video wa Dragon Quest wa mwaka 1986. Mbunifu wake, Yuji Horii, alimpelekea mchoro wa dubwana la ute lililojirundika. Toriyama akarudisha tone moja lenye macho ya mviringo na tabasamu, na hadi leo ndilo nembo ya mchezo huo.

Lakini uvivu huohuo ulimgharimu. Alitunga akienda, bila ramani, na hilo linaonekana hasa katika Dragon Ball baada ya adui aitwaye Freeza: adui mpya anatokea, anabadilika umbo, anabadilika tena. Wahusika wanasahauliwa njiani. Launch alipotea, na mwandishi mwenyewe alikiri baadaye kwamba alimsahau. Bulma, ambaye mwanzoni ndiye aliyeanzisha safari nzima kwa rada yake ya kutafutia mipira ya ajabu inayotimiza matakwa, polepole anabaki kuwa fundi mitambo na mke wa mtu. Hilo bado linaniudhi.

Ndiyo maana anayetaka kumjua Toriyama nisingemwanzishia kwa Super Saiyan. Achukue juzuu ya kwanza ya Dragon Ball, Goku akiwa mtoto mwenye mkia anayeliona gari la Bulma kwa mara ya kwanza, akadhani ni zimwi, akalibeba na kulibwaga chini. Akiipenda hiyo, aende Sand Land ya mwaka 2000: juzuu moja tu, tangi la vita, mzee na shetani mdogo, jangwani. Jangwani, bila shaka. Hakuna majengo ya kuchora.