Nilivyofuta Ushahidi wa Baba Mkwe

Baba mkwe alituazima gari lake kwa siku kumi. Nasema alituazima, lakini ukweli ni kwamba alimwazima binti yake; mimi nilikuwamo tu, kama tairi la akiba. Siku ya kukabidhiwa funguo mzee alinizungusha gari zima. Hapa oili, hapa maji, dirisha hili usilishushe mpaka chini kwa sababu halirudi. Tulipofika madigadi ya nyuma, upande wa kushoto, akasimama, akavua miwani, akainama.

"Unauona huu, mkwe?"

Nilikuwa nauona. Nimeonyeshwa tangu nilipoingia katika ukoo huu. Ni mchirizi mweupe, urefu wa kiganja, kwenye gari jekundu. Kwa maelezo ya mzee, mwaka juzi mdogo wake alirudi nyuma na gari lake jeupe bila kutazama, akamgonga, kisha akaenda zake kama mtu aliyepishana na upepo. Baba mdogo anakana katakata. Anasema ile ni rangi ya ukuta. Mzee anasema ukuta hautembei. Shauri hilo limesikilizwa kwenye kila mkusanyiko wa familia niliowahi kuhudhuria, na kila mara kielelezo ni kilekile: watu wazima wanatolewa nje, wanainamishwa mbele ya madigadi. Baba mdogo hainami. Yeye hubaki karibu na gari lake, ambalo, sijui ni mazoea gani, siku zote huliegesha kinyumenyume, matako yakikaribia kugusa ukuta.

Siku ya kurudisha gari ilipokaribia nikapata wazo. Lilikuwa wazo la kujipendekeza, sikatai. Gari lilikuwa limepauka, wekundu wake umebaki kama wa nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Nikaona nilioshe, nilipige polishi, nilipake nta, mzee akija aduwae. Hilo la kuduwaa lilifanikiwa kuliko nilivyokusudia.

Kuosha nilidhani najua. Nani asiyejua kuosha? Nikatoka saa saba mchana, jua la utosi, na ndoo moja, sifongo moja na sabuni ya kuoshea vyombo. Nikaanza na magurudumu kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa machafu zaidi, nilipomaliza nikapanda nayo boneti, sifongo ileile, maji yaleyale. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni. Akauliza kwa upole kama hata vyombo huwa naosha hivyo, sufuria la masizi kwanza, kisha glasi.

"Gari si glasi," nikamjibu.

Nimekuja kujua baadaye kwamba ni glasi kabisa. Lile vumbi jeusi la kwenye rimu linatoka kwenye breki na ndani yake mna chembe za chuma. Sifongo inazibeba, na kila ukizungusha mkono unachora. Huoni kitu siku hiyo. Unaona siku jua likipiga kwa pembeni, unakuta vimikwaruzo vya duara kama utando wa buibui umetandazwa kwenye mlango. Ndiyo maana wanaojua kazi hutumia ndoo mbili, moja ya povu na moja ya maji matupu ya kusuuzia sifongo kabla haijarudi kwenye povu, halafu magurudumu yana kitambaa chake ambacho hakivuki mpaka. Na wanaanzia kwenye paa kushuka chini, maana uchafu mbaya wote unakaa chini. Mimi nilianzia chini kupanda juu, kama moto.

Jua nalo halikuniachia. Nilipofika mlango wa nne, mlango wa kwanza ulishakauka wenyewe na kuacha alama za chumvi za maji. Gari likawa na madoadoa kama kanga. Nasema kanga ndege, si nguo.

Basi tukaingia kwenye polishi. Nilikuwa na makopo mawili, na kichwani mwangu polishi na nta vilikuwa kitu kimoja chenye majina mawili. Nilishachovya kidole kwenye nta mke wangu aliponyang'anya kopo, akasoma maandishi ya nyuma kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ni tabia yake. Mimi huwa nasoma maelekezo baada ya kitu kuharibika.

"Polishi inakula," akatoa hukumu. "Nta inavika. Ukianza na nta, unamvisha mtu nguo kisha unamwogesha."

Sikuwa na la kujibu. Polishi ina chembe ngumu, ndogo kuliko za unga, zinazosugua tabaka jembamba la juu ya rangi, lile lililochoka, ili la chini yake lionekane. Nta haisugui chochote; inakaa juu, inazuia maji na uchafu. Kwa hiyo ni kuosha, polishi, ndipo nta.

Nikachukua fulana kuukuu (mikrofaiba, kile kitambaa laini cha kufutia magari, sikuwa nayo), nikadondosha polishi kidogo katikati ya boneti, nijaribu tu. Nikazungusha, nikazungusha, nikafuta. Jamani! Palitokea duara jekundu, linang'aa, ukubwa wa sahani, unaona mpaka nywele za pua yako. Mwezi kamili katikati ya boneti iliyopauka. Nikafurahi kwa muda wa kama pumzi tatu. Kisha nikaelewa nilichokifanya. Lile duara lilikuwa limeliumbua gari lote. Hapakuwa na namna ya kumrudishia mzee gari lenye mwezi. Ama nifanye gari zima, ama nihame mji.

Nikaanza. Kipande kwa kipande, kila kimoja nusu mita kwa nusu mita, maana polishi ukiipaka kote kwa mpigo inakukaukia. Kufika paa, mabega yalikuwa yanawaka. Hapo ndipo nikaitazama ile fulana. Ilikuwa nyekundu. Si nyekundu ya kudokoadokoa, nyekundu kama nimechinja.

Nilihisi miguu haina mifupa. Nilijua hakika kwamba nimeibandua rangi ya gari la baba mkwe na sasa ninayo yote mkononi. Nikamwita jirani, ambaye zamani alikuwa akipiga rangi magari, akaja taratibu, akaitazama fulana, akacheka mpaka akajishikilia kwenye kioo cha pembeni.

"Hili la zamani, halina klia," akasema. Magari ya siku hizi juu ya rangi hupakwa laka isiyo na rangi, nyembamba kuliko unywele, na polishi inasugua hiyo laka, kitambaa hakichafuki. Gari la zamani polishi inagusa rangi yenyewe, na kitambaa kinaiva. "Ni sawa. Ila usikandamize kwenye kingo za milango. Pale rangi ni nyembamba, utafika kwenye bati."

Kabla ya kuondoka akaniachia elimu moja zaidi. Ukikuta mkwaruzo, pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama, huo ni jeraha, polishi haitauweza. Usipokwama, sugua tu, utatoka.

Elimu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mtu akiwa amesugua gari kwa saa nne, haoni gari tena. Anaona nusu mita kwa nusu mita. Jua lilikuwa limeshaanza kulegea, nimepiga magoti nyuma ya gari, nimelewa mng'ao, kila kinachokuja mbele yangu kiwe doa la lami au kinyesi cha ndege nakishughulikia bila kuuliza ukoo wake. Nikakuta kitu cheupe. Nikapitisha ukucha. Haukukwama. Nikasema moyoni, wewe huna maisha. Tone la polishi, mizunguko kumi, futa. Hata alama ya alama haikubaki. Nakumbuka niliupiga ule ubati kofi la upendo.

Kumbe rangi ya gari jingine ikibaki kwenye lako, mara nyingi haijachimba kitu. Imelala tu juu, kama matope yenye kiburi. Hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote ambazo polishi hufanya.

Nikafuata na nta, na hapa sitajitetea. Kopo lilisema karnauba. Karnauba ni mti wa jamii ya minazi na mitende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, nao hufunika majani yake kwa nta ili jua lisiyakaushe. Nta yenyewe ni ngumu, haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 80. Kopo lilisema pia: paka kidogo sana, kivulini. Mti, ambao haujui kusoma, hujipaka utando mwembamba. Mimi niliyesoma nilipaka kama napiga lipu, kwenye bati lililokuwa bado na joto la mchana, na kwa kuwa nilikuwa na haraka sikuruka kitu. Mipira ya milango, plastiki nyeusi za bampa, kioo cha mbele, vyote vikapata.

Nta nene haifutiki, inavutika. Nilisugua mpaka nikasikia viwiko vinaongea. Kwenye rangi ilitoka hatimaye, na chini yake, lazima niseme, kulikuwa na gari zuri ajabu. Kwenye plastiki nyeusi ilikaukia kwenye vinyweleo vyake na kuwa nyeupe kama chokaa, na imeng'ang'ania. Kioo cha mbele kilijaa ukungu wa mafuta. Nilipowasha waipa zikaruka na kulia kama mbuzi waliofungiwa.

Mke wangu akalizunguka gari. Boneti, sawa. Milango, sawa. Bampa, akaguna. Akafika madigadi ya nyuma kushoto, akanyamaza. Mke wangu akinyamaza mimi huanza kuomba msamaha kwanza, kosa nitalijua mbele ya safari.

"Mchirizi wa baba mdogo uko wapi?"

Nilikaa chini, pale pale kwenye maji ya sabuni.

Tazama ujinga wa dunia. Weupe ulikuwa kila mahali kwenye lile gari, kwenye mipira, kwenye plastiki, kwenye nati za magurudumu, na hakuna hata mmoja uliokubali kutoka. Uliotoka ni ule mmoja niliokuwa nahitaji ubaki. Nikapata wazo la pili la siku hiyo. Nikachovya nta kwa kidole, nikavuta mstari wa kiganja kimoja pale pale, nikaacha ukauke. Ukakauka vizuri, mweupe. Ungeapa ndio wenyewe.

"Futa," mke wangu akasema.

"Nani atajua?"

"Baba ataupitishia kidole, kama anavyofanya siku zote, na kidole kitatoka cheupe. Umefuta ushahidi, sasa unaghushi. Futa."

Nikafuta. Pakang'aa zaidi ya pale mwanzo.

Kesho yake mzee akaja kuchukua gari. Aliletwa na baba mdogo. Nilimsikia yule bwana kabla sijamwona: anaingia kinyumenyume, polepole, mpaka bampa ya nyuma ikawa shubiri mbili kutoka ukutani.

Mzee alipoliona gari lake alisimama. Akagusa boneti kwa ncha za vidole. Akajiona usoni mwa boneti, akatabasamu, na mimi nikatabasamu, na kwa dakika moja tulikuwa baba na mwana. "Mkwe," akasema, "mkwe," akashindwa kuendelea. Akazunguka hadi upande wa kulia. Akazunguka nyuma. Kwa mazoea tu akavua miwani, akamwita mdogo wake, akainama.

Akaivaa miwani. Akaivua. Akaifuta kwa shati. Akahamia madigadi ya kulia, huenda kumbukumbu ndiyo iliyokosea, akarudi kushoto. Akapitisha kidole. Kiliteleza bila kukutana na kitu chochote.

Baba mdogo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akainama.

"Kaka," akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa na deni, "si nilikwambia ni ya ukuta? Ya ukuta hutoka kwa kuoshwa."

Mzee akainuka pole pole, mkono kiunoni. Hakumtazama mdogo wake. Alinitazama mimi, muda mrefu, kisha akalitazama kopo la polishi nililokuwa nimelishika bila sababu.

"Umeliosha vizuri, mkwe," akasema. "Vizuri mno." Akaingia ndani kwa binti yake, na mlango ukafungwa kwa adabu kubwa kuliko kishindo chochote.

Tukabaki wawili uani. Baba mdogo akatazama mlango, akatazama dirisha, kisha akanishika mkono wa shati na kunivuta nyuma ya gari lake, kwenye ule uchochoro wa shubiri mbili, tukapenya kwa ubavu kama wezi. Pembeni mwa bampa nyeupe, kimo kilekile, palikuwa na mchirizi mwekundu, urefu wa kiganja.

"Hiyo dawa yako," akanong'ona, "imebaki?"

Nikainama kwa shida, nikapitisha ukucha. Haukukwama.