Nilikwenda Kuuza Pikipiki, Nikarudi na Mbili

Mwalimu wetu wa Kichina pale Wuhan alikuwa na imani moja: mkono ukishaijua herufi, kichwa kitafuata chenyewe. Kwa hiyo kuandika kwa simu ilikuwa marufuku. Tulinunua madaftari yenye vijumba, kila kijumba kimegawanywa mara nne, na humo ndani herufi ikae bila kutoa mguu nje. Juu kwanza, chini baadaye. Kushoto kwanza, kulia baadaye. Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia, maana mkono huu ulifunzwa Tanga, chuo cha Kurani kwa babu, na mkono wa chuoni huanzia kulia. Mwalimu akinipitia na kunikuta navuta mstari kinyumenyume, alikuwa anafumba macho kwanza, ndipo anasema.

Na maana nazo zilinitesa. 安, yaani amani, ni mwanamke chini ya paa. Hiyo niliipokea shingo upande, kwa sababu shangazi yangu namjua. Lakini 家, nyumbani, ni nguruwe chini ya paa! Mjukuu wa mwalimu wa Kurani, kila nikitaka kuandika kwamba nimekumbuka nyumbani, sharti kwanza nifuge nguruwe. Babu hakuambiwa mpaka leo.

Pamoja na hayo yote, nilifika mahali nikaanza kujisikia. Mwenzangu wa chumbani, Mkenya mmoja, yeye alikuwa anaandika kwa simu tu, anagusa gusa, herufi zinajileta. Nilimdharau sana.

Ikaingia Juni, masomo yamekwisha, Wuhan inachemka. Wachina wenyewe wameuhesabu mji huo katika yale wanayoyaita majiko, pamoja na Nanjing na Chongqing, na mchana ule niliamini. Nilikuwa na pikipiki ya umeme ya kuuza kabla ya kupanda ndege. Mkenya akasema tuitangaze WeChat, ule mtandao wa simu wa Wachina. Nikamwambia bwana wee, mimi nimesoma. Nikapasua boksi la maji, nikachukua kalamu nene, nikaandika kwa herufi kubwa za kupendeza: 买电动车. Nikalisimamisha langoni pa chuo, juu ya kiti cha pikipiki, nikakaa kivulini kusubiri wateja.

Wateja wakaja. Kitu cha ajabu ni kwamba kila mmoja alikuja na pikipiki yake.

Kwanza kijana mwenye nyeusi. Akaizungusha, akanionyesha breki, akawasha taa mchana kweupe. Nikamsifia, ungefanyaje? Akaja mwingine, akafungua betri nikaione. Nikasema moyoni, watu hawa wana adabu, kumbe China ukienda kununua chombo unatangulia kuonyesha kuwa wewe mwenyewe unakijua chombo. Kila nilipoionyesha ya kwangu, walitazama kwa huruma na kutikisa kichwa.

Halafu akafika ayi mmoja, mama wa makamo, na pikipiki ya rangi ya waridi yenye kikapu. Akauliza: "Mai?" Nikajibu: "Mai, mai!" Sasa, mai ya kununua sauti hushuka kisha ikapanda, na mai ya kuuza huporomoka tu. Mai ya kwangu ilikuwa bado haijaamua. Akamwaga maneno, mimi nikawa namjibu hao, hao, sawa sawa, maana ndilo neno lililokuwa karibu. Hatimaye akanyoosha vidole vitatu. Nikapiga hesabu: mama anataka tubadilishane, anipe ya waridi, achukue ya kwangu, nami niongeze yuani mia tatu. Ya waridi ilikuwa mpya zaidi. Nikaona nimempata! Nikaskani simu yake, nikalipa mbio kabla hajageuza mawazo.

Akanikabidhi funguo, akaondoka kwa miguu.

"Ayi!" Nikamkimbilia na funguo za ya kwangu mkononi. "Ayi, yako hii!" Akageuka, akaniona ninavyokuja, akadhani nimejuta nataka pesa zangu. Akaongeza mwendo. Mama yule alikuwa na mbio, nakwambia. Alinipotea kwenye kituo cha metro.

Nikarudi natweta. Mzee muuza tambi wa pale langoni, ambaye asubuhi nyingi nimekula kwake tambi za ufuta, alikuwa ameshika ubavu kwa kucheka. Akaniomba kalamu. Juu ya herufi yangu ya kwanza akaongeza msalaba mdogo, mistari miwili tu, ikawa 卖. Kisha akaweka kiganja juu ya utosi wake na kutembea kwa madaha huku anapiga kelele ya wachuuzi. Nikaelewa: mwenye mzigo kichwani ndiye anayeuza. Tangazo langu lilikuwa linasema nanunua.

Mimi lawama naipeleka mwaka 1956, serikali ilipoanza kurahisisha herufi. Zamani kununua kuliandikwa 買, wavu juu ya simbi, kwa kuwa simbi zilikuwa pesa, na kuuza kulikuwa 賣, mistari 15. Mistari 15 ingenitisha, ningekubali WeChat ya Mkenya na mambo yangeisha. Lakini 买 na 卖 wamefanywa ndugu wa kufanana, ukiwaweka pamoja linapatikana neno biashara, halafu mgeni akiwachanganya anachekwa na muuza tambi.

Boksi liliposahihishwa, hata kivuli hakijasogea, akatokea bwana mmoja. Alinitazama mimi, akazitazama pikipiki mbili, akajua mtu huyu ana ndege ya kuwahi. Akanitajia bei moja ya zote mbili, na bei yenyewe haifai kuandikwa mahali ambapo mama yangu anaweza kuisoma. Nikasema hao. Akaomba na boksi.

Kesho yake nikiburuta sanduku kwenda metro, nilimkuta ng'ambo ya barabara, pikipiki zangu zimeoshwa, boksi langu limesimama juu, chini yake ameongeza bei. Watu wamemzunguka. Wote wananunua, na hakuna hata mmoja aliyekuja na pikipiki yake. Na ule mwandiko, nisijisifu, ulikuwa unasomeka vizuri kabisa kutoka upande niliokuwa mimi.