Hesabu ya tajiri haipumziki

Kuhusu sonona, ugonjwa wa huzuni isiyoisha, makala moja inawashauri bodaboda wa Mtwara "wapumzike wakichoka". Sawa, ila hesabu ya tajiri, yaani fedha anayodai mwenye pikipiki, haipumziki. Msimu wa korosho abiria wapo. Ikifika Machi kijiwe kimejaa pikipiki, mvua inanyesha, na hesabu ni ileile. Hapo kijana anaanza kushtuka saa 9 usiku usingizi usirudi, chakula hakishuki, anamfokea abiria kwa chenji ya 500.

Kipimo cha sonona ni wiki 2. Huzuni au kukosa hamu karibu kila siku muda huo wote: aende hospitali ya Ligula, wa Lindi aende hospitali ya Sokoine, na amwambie daktari kwamba kazi yake ni kuendesha. Wengi hawasemi! Amitriptilini, dawa ya sonona, huleta usingizi. Humezwa usiku, na siku za mwanzo kichwa huwa kizito hadi asubuhi, pikipiki ikae. Akichanganya na gongo ndiyo balaa. Nafuu huchukua wiki 2 hadi 4, ndiyo maana wengi huacha siku ya 5 wakidai dawa haifanyi kazi.

Akitamka kwamba bora afe, asiachwe peke yake. Apelekwe siku hiyohiyo, na ufunguo wa pikipiki akae nao mwenzake wa kijiweni.