Kabla hujamwekea mtoto muvi ya maroboti

Kuna imani imezagaa mitaani kwetu hapa Lindi kwamba muvi ikiwa ya katuni ni ya watoto, na ikiwa haina mambo ya mapenzi basi ni salama. Siikubali hata kidogo. Mtoto wa miaka 9 hadi 12 yuko njia panda: katuni za wadogo zake anaona zinamdhalilisha, za wakubwa anazichungulia dirishani. Huyo ndiye anayehitaji kuchaguliwa kwa makini, hasa zikija hizi muvi za kubuni za kisayansi, zenye maroboti, sayari na mijusi mikubwa ya kale (dainosaria).

Nenda duka lolote la kuingiziwa muvi kwenye flashi. Kijana wa kompyuta atakuuliza swali moja tu: "Za kutafsiriwa au za kawaida?" Ukimwambia ni za mtoto, anafungua folda lililoandikwa KATUNI na kukumiminia zote. Humo nimeshaikuta M3GAN, bila shaka kwa sababu picha yake ya mbele ina kidoli kilichopendeza. Kidoli chenyewe ni roboti linaloua watu, na wala hiyo si katuni.

Wapo wanaotegemea herufi za kupanga muvi kwa umri. PG-13, kwa mfano, ilianza kutumika Marekani mwaka 1984, kumtahadharisha mzazi kwamba baadhi ya mambo huenda yasimfae mtoto aliye chini ya miaka 13. Inasaidia, sikatai. Lakini herufi haimjui mwanao. Wengi niliokaa nao sebuleni hawashtushwi na vyombo vya angani kulipuana. Wanachoogopa ni mama kupotea, au kitu kuingia ndani usiku. Mtoto anayelelewa na bibi yake Nachingwea huku mama akitafuta maisha Dar ataitazama muvi ya namna hiyo kwa macho mengine kabisa, hata kama ni katuni ya rangi tamu.

Wa kuanzia mimi nampa WALL-E ya mwaka 2008. Dunia imejaa takataka, watu wamehamia chombo cha angani, kimebaki kiroboti kimoja kinachoshindilia taka. Sehemu kubwa ya mwanzo hakuna mazungumzo, kwa hiyo Kiingereza si kikwazo. Ila chonde chonde, usichukue iliyotafsiriwa. Nawapenda madijei wetu wanaotafsiri muvi kwa sauti zao, wamewafungulia sinema watu wengi, lakini wengine hawawezi kuacha ukimya upite bila kuujaza utani, na mara nyingine matusi ambayo kwenye muvi yenyewe hayamo. Muvi iliyopimwa huko kwao kuwa ya watoto inafika huku si ya watoto tena.

The Iron Giant ya 1999 nayo ni nzuri. Haifiki saa moja na nusu, na inazungumzia kifo bila kumtisha mtoto.

Sasa tuje kwenye Jurassic Park ya 1993, maana mtoto wa Lindi ana haki nayo kuliko wengi. Mjusi wa kwanza kuonekana mzimamzima mle, yule wa shingo ndefu anayekula majani mtini, ni Brachiosaurus. Sura yake tuliyoizoea imetokana kwa kiasi kikubwa na mifupa ya Tendaguru, mkoani kwetu, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 chini ya Wajerumani. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo mjusi huyo amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya meta 13. Wanasayansi sasa wanamwita Giraffatitan.

Mweleze mtoto hayo kwanza, kisha mwache abishane na muvi. Mle mjusi anatafuna kama ng'ombe. Meno yake halisi hayakuwa ya kutafuna. Mle wanafufua mijusi kwa DNA (vinasaba) iliyohifadhiwa ndani ya utomvu mkavu wa mti. DNA kongwe kabisa iliyowahi kusomwa, kutoka Greenland, ina takriban miaka milioni 2, na mijusi ya Tendaguru ina kama milioni 150. Mtoto wa darasa la sita akipata hesabu hiyo hakai kimya, na mimi muvi ya sayansi naipimia hapo: inampa cha kubishia au inampa cha kuota usiku tu?

Inatisha lakini, tusidanganyane. Kuna mkono uliokatika, na kuna watoto wawili wanawindwa jikoni. Hapo kaa na rimoti karibu. Wa darasa la nne mimi ningemtoa sebuleni, anune atakavyonuna, na kaka yake akatazwe kumsimulia kabla ya kulala.